Lupopo: toka 2002 hakuna ubingwa, lakini tunarudi tu

Mutoto aliyezaliwa mwaka ule Lupopo ilibeba ubingwa wa nchi kwa mara ya mwisho, leo ni mutu muzima. Masomo amemaliza, pengine ameoa, pengine kila asubuhi anavaa kaske na buti anaenda kazi kwenye karyeri. Maisha yake yote hajaona hata siku moja timu yake ikizunguka muji na kombe la Linafoot. Lakini umuulize siku ya mupira anaenda wapi, atakujibu palepale: anaenda kuona Lupopo.

Sisi tunaoandika hapa tuko watu wa ile timu. Hatufichi rangi yetu, njano na buluu. Wasomaji wetu wa Mazembe, na tunajua ni wengi toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, watuvumilie na wasome mpaka mwisho, sababu mambo tunayotaka kusema yanawagusa nao. Swali letu ni hili: mutu anayefuata timu inayoteseka, musimu kiisha musimu, anatafuta nini? Na ile timu, inamurudishia nini?

Moja ya masomo, moja ya reli

Timu mbili kubwa za Lubumbashi zilizaliwa mwaka mumoja, 1939, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Moja ilizaliwa masomoni. Mapadri Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface walitaka vijana wao wapate muchezo, wakaunda timu. Ile timu ya wanafunzi ilibadilisha majina, ikaitwa Englebert kwa jina la kompani ya pneu za gari iliyoisaidia, ikajipatia sifa ya Tout Puissant, na leo dunia nzima inaijua kama TP Mazembe.

Ingine njo yetu, FC Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli. Ndiyo maana wanatuita Cheminots. Mutakatifu Éloi, ambaye sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba, ni mulinzi wa wafua vyuma na wote wanaoishi kwa kazi ya chuma. Jina lilifaa watu wa atelie, wa lokomotivu na wa nyundo.

Kwa familia za mine, watu wa reli si wageni, ni ndugu. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 kutokea kusini, upande wa Rhodesia, na bila reli mukuba haungetoka Katanga. Mumoja alichimba, mumoja akayeyusha, mumoja akapakia, mumoja akabeba mpaka bahari. Wote walikula posho ya kompani, wote waliishi kwenye nyumba za kompani, watoto wao walisoma kwenye masomo ya kompani. Wazee wetu walikuwaka wanasema: Union Minière njo baba, njo mama. Na huyu baba alijenga kiwanja cha mupira kambini, sababu alijua kwamba mutu anayecheza Jumapili jioni, Jumatatu asubuhi atakuwa karibu na kazi.

Lakini kiwanja ni kitu cha ajabu. Ukikijenga ju ya kutuliza watu, ni palepale wanapokutana. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati wa vita kuu ya pili, bei ya vitu ilikuwa imepanda na mushahara umebakia chini. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakakusanyika kwenye kiwanja cha mupira hapa Élisabethville, wakidai mushahara uongezwe. Askari walipiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyo, aliyekuwa akisema kwa jina la wenzake. Kila mutu wa mine angepaswa kuijua ile tarehe. Na kila mutu anayeingia kiwanjani hapa kwetu ajue kwamba tangu zamani nyasi za mupira zilikuwa mahali pa watu wadogo kuonana na kuhesabiana: tuko wangapi, nani yuko, nani hayuko.

Miaka ya makombe na miaka ya kazi

Lupopo haikuwa daima timu ya kusikitikia. Ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1968, tena 1981, tena 1986, tena 1990, na mwisho 2002. Watu wenye miaka 60 wanakumbuka vizuri wakati ambapo kushinda kulikuwa jambo la kawaida.

Angalia sasa ile miaka pamoja na miaka ya kazi. Katikati ya miaka ya 1980, wakati tunabeba kombe la 1986, Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tona 400.000 za mukuba kwa mwaka. Mwaka 1990 tulibeba tena, na mwezi wa Septemba wa mwaka uleule, shimo la Kamoto likaanguka kule Kolwezi. Kiisha pale, miaka michache tu, Gécamines ilishuka mpaka chini ya tona 50.000. Mwaka 2002 tulipata ubingwa wa mwisho. Mwaka uliofuata, 2003, ikaanza ile kazi ya "départs volontaires" iliyosaidiwa na feza za Banki ya Dunia, na zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines wakatoka na malipo ya mara moja mukononi. Watu wa SNCC nao walijifunza kuhesabu miezi bila mushahara, mpaka wakachoka kuhesabu.

Hatusemi kwamba kombe na mukuba vimefungwa kwa kamba moja. Mazembe walikaa katika muji huuhuu, wakashinda Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Lakini kwa familia nyingi za Makomeno, za Katuba, za kambi za Gécamines, kumbukumbu zinakwenda pamoja: "ulikuwa mwaka wa kombe," "ulikuwa mwaka papa alitoka kazi." Baba aliyekwenda kiwanjani mwaka 2002 akiwa na matricule ya kompani, alirudi mwaka 2004 akiwa bila matricule. Kitu kimoja tu hakikubadilika: jersi.

Na pale njo kwenye siri ya mutu wa Lupopo. Kompani inaweza kukuondoa kwenye liste. Nyumba ya kambi inaweza kubadilisha mwenyewe. Lakini hakuna mukubwa mwenye barua ya kukuondoa kwenye usuporta.

Musimu wetu unavyokwenda

Musimu unaanza na joto la Septemba na Oktoba, wakati miti ya jacaranda inatoa maua na mavumbi yanajaa puani. Ile saa kila mutu ni kocha. Majina ya wachezaji wapya yanazunguka kwenye taxi-bus, kwenye foleni ya maji, kwenye kantini ya kazi. Huyu ametoka Kinshasa, yule ametoka Zambia, yule mwingine wanasema alichezaka Ulaya, hakuna aliyemuona. Mechi ya kwanza tunashinda, na tayari kuna mutu anayesema: "Huu mwaka njo wetu." Anasema vile kila mwaka. Tunamucheka, kisha tunamuamini.

Kiisha inakuja mvula, toka Novemba mpaka Aprili, na pale musimu unaonyesha uso wake. Timu inatoka sare nyumbani na timu ambayo ilifaa kufungwa. Mushambuliaji mupya anaanza kutafuta goli kama mutu anayetafuta funguo gizani. Kwenye kiwanja cha Kibassa Maliba, commune ya Kenya, mvula ikinyesha, wenye akili wanakimbilia chini ya paa na wenye roho wanabakia wakiimba. Ni pale utamujua mutu wa Lupopo wa kweli: nguo zimelowa, timu inapoteza moja kwa sifuri, na bado anaelezea jirani yake mupira ulivyopaswa kupita.

Mechi za mbali ni shida ingine. Nchi yetu ni kubwa. Toka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1.500, na mutu wa mushahara mudogo hafikirie ndege. Tunafuata kwa radio na kwa telefone, watu kumi kwenye chombo kimoja. Wakati mechi iko Kolwezi, kilometa kama 300, ao Likasi, kilometa kama 120, pale tunajipanga: bus moja inakodishwa, bendera inatoka dirishani, chakula kinafungwa kwenye plastiki. Wale wanaofanya kazi kule kwenye mine wanatupokea, wanatupa maji, na jioni tunarudi wengi zaidi kuliko tulivyoenda, sababu kuna mumoja anayetumia nafasi kurudi kuona bibi yake Lubumbashi.

Kuna miaka ambayo hata championa yenyewe inakosa nguvu. Musimu wa 2022-2023 ulisimama njiani na ukaisha bila bingwa. Timu zetu zinasafiri kwa ndege katika nchi bila barabara, feza hazitoshi, kalenda inavunjika. Mwaka uleule, katika makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, tulipangwa pamoja na USM Alger na Marumo Gallants ya Afrika Kusini. Hatukupita. USM Alger walikwenda mpaka mwisho, wakabeba lile kombe. Na Mazembe nao, katika kundi lingine pamoja na Yanga ya Dar es Salaam, walikosa kupita. Ule mwaka muji muzima ulinyamaza, jersi nyeusi na nyeupe sawa na jersi za njano.

Kisha kuna derby. Hapa hatuna haja ya kueleza, kila nyumba ya Lubumbashi inajua. Kaka anakaa na jersi nyeusi na nyeupe, dada na njano na buluu, na mama anakataza mazungumuzo mpaka bukari iishe mezani. Mutu wa Lupopo anaweza kupoteza musimu muzima, akishinda derby moja anapata chakula cha mwaka. Wenzetu wanatucheka kwa ile. Wacheke tu. Mutu mwenye makombe mengi hajui utamu wa kitu kimoja.

Mwisho wa musimu unakuja na baridi ya Juni na Julai. Ile saa tunageuka watu wa hesabu: kama sisi tushinde mbili, na wale wapoteze moja, na ile timu ya Kinshasa itoke sare... Kalkileti ya telefone inafanya kazi kuliko muchezaji wa katikati. Na mara nyingi hesabu zinakatala.

Anayeishi na musimu

Tusisahau wale ambao kwao mupira ni pia mukate. Bamama wanaouza kwenye milango ya kiwanja, mayai ya kuchemsha, karanga, maji ya sashe, munkoyo, wanajua hali ya timu kuliko waandishi wa gazeti. Timu ikishinda mara tatu, sahani inaisha mbele ya mapumziko. Timu ikipoteza mara tatu, mama anarudi na mayai nyumbani na watoto wanayakula siku mbili. Kwa yeye "Lupopo inateseka" si maneno ya kiwanjani tu, ni feza ya masomo ya mutoto.

Na kuna kazi ambayo kamera haionyeshe. Uende kwenye matanga Katuba ao Ruashi: mara nyingi utaona jersi za njano na buluu zimekaa pamoja kwenye viti vya plastiki. Wamekuja kusindikiza mwenzao wa gradini. Wamechanga, wameleta makala na unga, watalala pale. Wakati kazi ya kompani ilikuwa ingali nzuri, kompani ilisaidia na sanduku na gari. Kompani ilipokosa nguvu, watu walibakia na kanisa, jamaa, likelemba, na timu. Timu isiyobeba kombe ilibeba wafu wetu. Ile haiandikwe kwenye klasema, lakini sisi tunaijua.

Usiku wa Soweto

Tusiseme paka machozi. Musimu wa 2024-2025, ubingwa ulikwenda kwa Les Aigles du Congo wa Kinshasa, na Lupopo ikapata nafasi ya kucheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mwezi wa Oktoba 2025 tulikutana na Orlando Pirates, timu iliyozaliwa mwaka 1937 huko Soweto, mabingwa wa Afrika wa 1995. Soweto ni muji wa wafanyakazi uliokua kando ya mine za dhahabu za Johannesburg. Kwa mutu wa Katanga ile si mechi na wageni kabisa: ni watoto wa shimo mbele ya watoto wa shimo.

Hapa Lubumbashi tulishinda 3 kwa 0. Watu walilala wakicheka. Wiki iliyofuata, kule Soweto, Pirates walirudisha yote tatu. Tatu kwa sifuri! Mutu wa Lupopo, ambaye amezoea, alianza kusema ndani ya roho: "Nilijua." Wengine walizima radio, wakatoka inje kuvuta hewa. Kisha penalti. Moja, mbili, tatu, kila mutu ameshika mukono wa jirani bila kuangalia ni nani. Ikaisha 5 kwa 4, na ni sisi tuliopita.

Ule usiku watu waliimba mitaani, na wazee wa reli walilia bila haya. Kisha tukapangwa katika kundi moja na Mamelodi Sundowns, Al Hilal ya Sudan na MC Alger. Hakuna mutu mwenye akili aliyesema kwamba itakuwa rahisi. Lakini angalia vizuri: wale waliofurahi zaidi hawakuwa wale waliokuja kwa ajili ya Pirates. Walikuwa wale waliokuwako kwenye mvula, siku ya sare na timu ndogo. Furaha ya ule usiku ilikuwa mushahara wa miezi mingi uliolipwa mara moja, na ulilipwa kwa yule tu aliyekuwa kwenye liste.

Ndugu zetu wa mbali

Si sisi peke yetu. Katika Ufaransa ya kaskazini kuna muji mudogo unaitwa Lens. Ni muji wa makaa ya mawe, na kiwanja chake, Bollaert, kilijengwa na watu wa mine katika miaka ya 1930. Muji una watu kama 30.000, kiwanja kina nafasi 38.000. Mine ya mwisho ya ile inchi ya makaa ilifungwa Desemba 1990, miezi mitatu tu nyuma ya Kamoto. Lens ilikuwa bingwa wa Ufaransa mara moja tu, 1998. Kisha ilianguka division ya pili, ikakaa kule miaka, na watu wakaendelea kujaza kiwanja. Mwaka 2023 ilimaliza ya pili, nyuma ya Paris kwa pointi moja.

Katika Ujerumani kuna Schalke, timu ya Gelsenkirchen, ambayo mpaka leo inaitwa timu ya wachimba makaa. Ubingwa wake wa mwisho ni wa 1958. Mbele yao, 2002 yetu ni jana. Toka Januari 2020 mpaka Januari 2021, Schalke ilicheza mechi 30 za championa bila kushinda hata moja, kisha ikashuka division ya pili. Mine ya mwisho ya makaa katika ile sehemu ilikuwa imekwisha kufungwa Desemba 2018. Mine hakuna, ushindi hakuna. Na bado watu wanajaa.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati yao na sisi, na njo hapa tunataka kufikia. Schalke ni ya wamemba wake. Wako zaidi ya 150.000, kila mumoja analipa kotizasio yake ya mwaka, na kwenye mukutano mukubwa wanapiga kura, wanauliza feza zilikwenda wapi. Timu inaweza kupoteza mechi 30, lakini mutu wa gradini ana neno.

Mufuko mumoja

Hapa kwetu timu kubwa zinaishi kwa mufuko wa mukubwa mumoja. Mazembe iko na Moïse Katumbi toka 1997, na hakuna mutu wa haki anayeweza kukana kazi iliyofanyika: kiwanja cha Kamalondo, makombe ya Afrika, fainali ya kombe la dunia la klabu mwaka 2010 mbele ya Inter ya Milano, ya kwanza kwa timu ya Afrika. Lupopo, baada ya miaka ya shida, iliongozwa na Jacques Kyabula, akiwa pia guvernere wa Haut-Katanga, na timu ilipumua. Kusema kweli ni kushukuru: bila feza hakuna ndege, hakuna hoteli, hakuna muchezaji.

Lakini sisi watoto wa mine tulikwisha kuishi na baba mumoja anayetoa vyote. Tunajua utamu wake, na tunajua siku inayofuata. Baba anayetoa posho, nyumba, dawa na kiwanja, siku anapoanguka, vyote vinaanguka pamoja, sababu hakuna aliyefundishwa kushika kitu. Timu ya mufuko mumoja iko vilevile. Mukubwa akichoka, akihama, akipoteza kiti, ao akikasirika tu, timu inabakia na nyimbo na madeni. Hatusemi ju ya kumuhukumu mutu. Tunasema ju ya kujikinga.

Kwa hiyo, kwa komite ya timu yetu, na kwa komite za timu ingine za muji, tunaomba kwa heshima mambo mawili.

La kwanza: karte ya memba, ya bei ambayo mutu wa mushahara mudogo, mama wa soko na kreze anaweza kulipa, na mara moja kwa mwaka mukutano ambapo hesabu zinasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, kila mutu asikie. Franka kidogo za watu wengi hazitanunua mushambuliaji mukubwa. Lakini zitatufanya tuwe na haki ya kuuliza, na zitamusaidia hata mukubwa, sababu mutu asiyeachwa peke yake na mzigo hachoke mbio.

La pili: timu za watoto. Lupopo ilizaliwa kati ya nyumba za wafanyakazi. Kuna watoto Makomeno, Kipushi, Kambove, Likasi, wanaocheza na mupira wa plastiki nyuma ya makambi ya zamani. Muchezaji anayekuja kwa feza anatoka kwa feza. Mutoto aliyekua ndani ya njano na buluu, hata akienda Ulaya, jina la muji linabakia mudomoni mwake.

Na sisi wenyewe

Komite si peke yake yenye deni. Sisi nao tuko na yetu. Jiwe linalorushwa siku ya derby halina rangi ya timu. Linaangukia kichwa cha mutoto wa mutu. Mara nyingi huyo ni mutoto wa mufanyakazi mwenzako, mnashuka naye karyeri moja Jumatatu. Mukishikana mukono kwenye shimo, mukipigana kwenye kiwanja, kuna kitu kimeharibika.

Na kuna ile michezo ya pari, yenye vibanda kwenye kila avenue. Kijana anaweka feza ya masomo ya mudogo wake kwenye mechi ya Uingereza, kwa timu ambayo hataiona hata siku moja, kisha anakosa feza ya kuingia kuona Lupopo kwenye muji wake. Tuzungumuze na watoto wetu ju ya ile. Kupenda timu ni kitu kimoja, kutafuta utajiri mgongoni mwa timu ni kitu kingine.

Basi, anayefuata timu inayoteseka anatafuta nini? Kama ilikuwa kombe tu, tungekwisha kwenda Kamalondo zamani, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu toka Kenya. Hatukuenda. Tulibakia sababu ni pale baba zetu walisimama na matricule na bila matricule, ni pale tunaonana tuko wangapi, na ni pale watatujua siku ya matanga yetu. Ile njo timu inaturudishia. Kitu tunachodai sasa ni kwamba nyumba hii tunayoijaza kila musimu, tuwe nasi na ufunguo wake.

Kwa sasa kalenda inaendelea. Mwenye jersi aifue. Mwenye radio atie mabuye mapya. Wale wa Likasi na Kolwezi, mutuwekee maji, tunakuja. Kombe likuje ao lisikuje, nafasi yako ya gradini usiiache wazi.